Mama Anueni na Kinini za Kupumzika

Mama Consolate alipumzishwa siku ya Jumanne, mwezi wa tano, saa nne asubuhi, kwa namna ileile watu wanavyokamatwa. Gari lilisimama, wanaume wawili wakashuka, wakamshika mkono huku na huku, na kabla hajauliza kosa lake ni nini mlango ulikuwa umeshafungwa. Tofauti ilikuwa moja tu: waliosimama kando ya njia walipiga vigelegele.

Mwanaume wa kwanza alikuwa dereva. Wa pili alikuwa mwanawe Jovial, mkubwa wa kitu fulani katika kampuni fulani ya madini huko Lubumbashi. Kwetu Kalemie mtoto akipata, hakuna anayemuuliza amepata nini. Wanamuuliza kama mama yake bado anafanya kazi. Akijibu ndiyo, hata angekuja na magari sita, watu watamtazama kama mwizi wa kuku. Kwa hiyo Jovial alijenga nyumba mtaa wa Hewa Bora, akazungusha ukuta mrefu, akapandisha vipande vya chupa juu ya ukuta, akaweka lango la chuma linalolia kama mbuzi, kisha akaenda kumtoa mama yake mchangani, kwenye ndakala, wale dagaa wa ziwani.

“Mama, sasa umemaliza,” alimwambia ndani ya gari. “Hutagusa tena kitu.”

“Beseni langu limebaki kule.”

“Nitakununulia beseni kumi.”

“Za kutia nini?”

Jovial alicheka. Alidhani mama anafanya mzaha.

Mama Consolate alikuwa na miaka sitini na mmoja, na thelathini na mmoja kati ya hiyo aliipitisha kwenye mchanga ule kando ya ziwa, akianika ndakala. Asubuhi mitumbwi inarudi na samaki, wanawake wanagombana na wavuvi juu ya kila beseni, kisha wanatandaza samaki wale wadogo juu ya mchanga na changarawe hadi ufuko mzima unang'aa kama bati jipya. Saa sita wanageuza. Kati ya kutandaza na kugeuza wanafukuza kunguru, bata, mbuzi na waume. Adui mkubwa ni mvua. Ndakala aliyelowa akiwa nusu kavu hafai tena kwa mtu. Anapewa bata, na bata wenyewe wanafikiria kwanza.

Ndiyo maana mchanga ule una sheria. Mtu akiona mvua inakuja, anaita: “Anueni!” Hapo hakuna anayekimbilia samaki wake. Kila mmoja anazoa walio karibu na miguu yake, wawe wa rafiki au wa mbaya wake, anawatia kwenye beseni la karibu, turubai juu, basi. Kutenganisha ni baadaye, jua likirudi, na kutenganisha huko njo sinema ya mji: wanawake ishirini, kila mmoja anaapa kwamba anawajua ndakala wake kwa sura. Sheria ya pili ni kali zaidi. Anayeita mvua na mvua isije, anachota maji ziwani kwa ndoo, kichwani, maji ya kuoshea mabeseni ya wote, mpaka jioni. Hasaidiwi. Uzee si kisingizio. Na huwezi kulipa ili mwingine akubebee.

Kwa sababu ya sheria hiyo ya pili, watu wengi huiona mvua wakanyamaza, wakingoja mwingine aite. Mama Consolate hakuwahi kungoja. Alikuwa akiinua pua, anatazama jinsi maji yanavyobadilika rangi upande wa Moba, na kabla hujaona hata wingu la ukubwa wa kitambaa, sauti yake imeshafika sokoni. Watu walimwita Mama Anueni. Katika miaka thelathini na mmoja alibeba maji mara nne tu. Alizikumbuka zote nne, na majina ya waliocheka sana.

Nyumba ya Hewa Bora ilikuwa na kila kitu isipokuwa hewa. Ukuta uliizuia yote ya ziwa. Ndani kulikuwa na makochi makubwa ambayo hayajavuliwa nailoni, na ukikaa yanakung'ang'ania mapaja, televisheni pana kama mlango, na Blandine.

Blandine alikuwa mtoto wa dada yake Mama Consolate, msichana mwenye diploma, adabu na simu mbili. Jovial alikuwa amempa kazi moja: mama asiguse kitu. Blandine aliifanya kama askari wa mpakani. Mama akishika ufagio, ufagio unatoweka. Akiosha kijiko, Blandine anakipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

“Mama Mukubwa, pumzika.”

“Nimepumzika jana.”

“Pumzika tena. Papa Jovial akisikia unaosha vijiko, mimi njo nitarudi kijijini.”

Basi alipumzika. Wiki ya kwanza alitembea kutoka chumbani hadi langoni, akarudi, akaenda tena, hadi akajua vigae vyote kwa hesabu na kujua ni kipi kimepasuka. Wiki ya nne alijifunza majina ya watu wote wa kwenye filamu za mchana, akawachukia wote. Mwezi wa pili wa kupumzika alianza kuamka saa kumi alfajiri, anavaa kitenge, anafunga kilemba, anakaa kwenye ukingo wa kitanda na mikono juu ya magoti, tayari, mpaka saa moja. Tayari kwa nini, hakujua. Mwezi wa tatu hakufunga kilemba. Chakula kilirudi jikoni kama kilivyokuja. Alikuwa akilia mbele ya sufuria, na sufuria yenyewe ilikuwa imeshaoshwa.

Bertille, mwenzake wa mchangani, alikuja mara mbili kumtazama. Mara zote mbili Blandine alimwambia langoni kwamba mama analala. Haukuwa uongo mkubwa: mama alikuwa amelala macho wazi.

Kisha mwezi wa kumi mvua za kwanza zikaja, na ndipo ikatokea ile habari ya kikundi cha maombi.

Walikuwa wamama saba wamekuja kubariki nyumba. Walikuwa kwenye makochi yenye nailoni, karanga mezani, vitambaa vya kufuma chini ya kila glasi, na aliyekuwa akiomba alikuwa amefika katikati, mahali ambapo sala huwa haina tena breki. Kupitia tundu dogo la dirisha la choo, ambalo fundi alisahau kuliwekea kioo, ikaingia harufu. Mama Consolate aliinua pua. Mgongo wake ukanyooka. Na kwa sauti ambayo nyumba ile ilikuwa haijawahi kuisikia:

“Anueni! Anueni!”

Akazoa karanga kwa mikono miwili akazitia kwenye kofia ya mama wa kwanza. Akazoa vitambaa. Akavua kilemba cha mama wa pili, akakitia humohumo. Alikuwa ameanza kukunja zulia, na wamama wawili bado wako juu yake, mvua ilipoanguka juu ya mabati kwa kishindo. Alikuwa amesema kweli kabisa, dakika nne kabla ya wakati. Lakini hakuna aliyemsifu.

“Pepo,” alisema mama mwenye kofia, aliyeivaa tena bila kuimwaga, huku akitoa karanga masikioni.

“Si pepo,” alisema Blandine, ambaye alikuwa amesoma. “Ni dépression, ugonjwa wa huzuni. Nimeiona kwenye simu.”

Jovial alipigiwa. Jovial aliogopa, kwa sababu alimpenda mama yake, na mtu mwenye pesa akiogopa hununua kitu. Alimtuma Blandine kwa Félicien, mwenye Farmasi Neema ya Leo pale njia panda. Félicien hakusomea dawa. Alisomea ufundi wa magari, lakini alikuwa na koti jeupe, na sauti ya mtu aliyechoshwa na elimu yake mwenyewe. Hakuomba kumwona mgonjwa. Alimsikiliza Blandine, akafungua droo tatu, akatoa kinini, vidonge vya rangi tatu.

“Nyekundu asubuhi, ya mawazo. Nyeupe mchana, ya wasiwasi. Nusu ya manjano jioni, ya kusaidia zile mbili zisigombane.”

“Kwa siku ngapi?”

“Mama, ugonjwa huu hauna siku. Ukiona kinini zimeisha, rudi.”

Na kinini zilifanya kazi, hilo lisemwe wazi. Mama Consolate aliacha kulia. Aliacha kuamka saa kumi. Alilala mpaka saa tatu, akaamshwa ale, akala. Alinenepa mashavu. Mvua ya mwezi wa kumi na moja ilipita, ya kumi na mbili ikapita, zikapiga mabati hadi picha zikaanguka ukutani, na yeye hakuinua hata nyusi. Kikundi cha maombi kilirudi kikatoa ushuhuda. Blandine alimpigia Jovial kwa video, akamwelekezea simu mama akiwa ndani ya kochi, mtulivu, mviringo, anang'aa kama nailoni.

“Amepona,” alisema Blandine.

“Utukufu kwa Mungu,” alisema Jovial, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kumi alilala vizuri.

Mwezi wa kwanza Bertille alikuja mara ya tatu. Safari hii hakubisha. Alimfuata muuza mkaa nyuma, akaingia pamoja na gunia.

Bertille alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye mdomo ambao serikali ingepaswa kuutoza kodi. Yeye na Consolate walikuwa wametukanana kila siku ya kazi kwa miaka thelathini na mmoja, asubuhi kama salamu na jioni kama kwaheri, na hakuna tusi hata moja lililowahi kubaki bila jibu. Alisimama mbele ya kochi, ananuka ndakala kuanzia kichwani hadi miguuni.

“Weye Consolate. Njo mashavu gani haya? Umemeza mabeseni yote kumi ya Jovial?”

Mama Consolate alimtazama. Alitabasamu kidogo, kwa adabu, kama mtu anayetabasamia mgeni wa jirani.

“Nimeuza mahali pako pale mchangani,” Bertille aliendelea, sauti imepanda. “Nimemuuzia bata. Anafanya kazi kukushinda.”

“Vizuri,” alisema Mama Consolate.

Bertille alikaa juu ya kochi bila kukaribishwa. Nailoni ililia. Alikuwa amezika mume na watoto wawili, na hakuwa mtu wa kuogopa haraka, lakini sasa aliogopa.

“Blandine!” aliita. “Nani amesema huyu amepona?”

“Watu wote, Mama Bertille. Halii tena.”

“Hata jiwe halilii. Huyu hajapona, mwanangu. Huyu mumemuzima.”

Saa moja baadaye alirudi juu ya pikipiki, yeye nyuma, Muganga Ruben katikati, dereva mbele amebanwa hadi kwenye tangi. Ruben alikuwa muuguzi wa kituo kimoja cha afya, aliyekwenda mafunzo ya magonjwa ya akili ya miezi sita na kurudi na begi la plastiki, cheti, na tabia mbaya ya kuuliza maswali. Aliomba kuona kinini. Alizitazama, akafunga macho kidogo kama mtu aliyekanyaga msumari. Kisha akavuta kiti hadi karibu kabisa na Mama Consolate.

“Mama, siku nzima unafanya nini?”

“Ninapumzika.”

“Hiyo kazi ulianza lini?”

“Mwezi wa tano.”

“Na ugonjwa ulianza lini?”

“Mwezi wa sita.”

Ruben alimgeukia Blandine, akaacha hesabu ifanywe na mwenye diploma.

“Lakini Muganga,” alisema Blandine, “si mnasema ugonjwa huu ni wa dawa?”

“Wakati mwingine. Kinini si adui wangu. Niko na wagonjwa watatu mtaa huu, bila kinini tungekuwa tumeshawalilia, na nikimkuta muntu anawashauri waache, nitapigana naye. Lakini kinini inamusaidia muntu asimame. Huyu mama mumemukatia miguu, kisha munamuongezea kinini munashangaa sababu gani hasimami. Na hizi rangi tatu za fundi wa magari hata punda singempa.”

“Basi tutupe zote leo!” alisema Bertille, na mkono umeshafika kwenye pakiti.

“Hapana! Ukizikata kwa mara moja utamuumiza vibaya zaidi. Tunapunguza polepole, wiki kwa wiki, mimi njo nahesabu. Na akianza kusema hataki kuishi, hata kwa mzaha, munaniita saa ileile.” Alitoa karatasi, akaandika. “Na hii ndiyo dawa nyingine.”

Blandine alisoma kwa sauti: “Mchangani, muda wa saa mbili kila asubuhi, kwa kuanzia.” Akaigeuza karatasi. “Haina muhuri.”

Ruben alifungua begi, akatoa muhuri, akaupulizia pumzi, akaupiga kwenye karatasi juu ya meza ya vioo hadi glasi zikaruka. Katika nchi hii unaweza kubisha na daktari, na askofu, na mvua yenyewe. Muhuri hubishi nao. Blandine aliikunja karatasi, akaitia kwenye sidiria pamoja na mambo mengine muhimu.

Lakini mambo hayakwenda kama Bertille alivyoyachora kichwani. Siku ya kwanza, mwezi wa pili, Mama Consolate alipofika mchangani, wanawake walisimama wote. Mama wa mkubwa wa Lubumbashi amekuja kuwatembelea! Mmoja alikimbia akaleta kiti cha plastiki. Mwingine akaleta mwavuli. Wa tatu alimpangusia miguu mchanga, kwenye mchanga. Alikaa kwenye kiti kile kwa saa mbili nzima, mikono juu ya magoti, anawatazama wanavyotandaza samaki, na aliporudi nyumbani alilala bila kula. Siku ya pili, kiti. Siku ya tatu alikataa kutoka.

“Ile ni kochi nyingine tu,” alimwambia Blandine, ameelekea ukutani. “Haina nailoni, basi.”

Blandine alisimama pale mlangoni. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi kumsikia akitoa sentensi nzima, na sentensi yenyewe ilimhusu yeye, mlinzi wa makochi. Alikwenda mwenyewe kumwambia Bertille.

Kesho yake Bertille aliokota kiti kile mbele ya watu wote, akakitupa ziwani. Kilielea kwa muda, kikaenda zake kuelekea Tanzania.

“Atakayemletea kiti kingine, atakifuata,” alisema. Akamtupia Consolate beseni. “Na weye, unangoja mutumishi? Tandaza!”

Alitandaza. Vidole vilikuwa vizito, alimwaga, alirundika mahali ambapo zamani angetandaza kama kitambaa. Asubuhi nyingine mwili ulikataa kabisa, akaja, akasimama, akarudi. Ruben alipita kila wiki, akakata kinini kidogo, akauliza maswali yake, akaandika. Mwezi wa tatu alikuwa amebakiwa na kipande kidogo cha jioni, na alikaa mchangani mpaka saa sita bila mtu kumlazimisha. Alikuwa akifanya kazi kimya. Bertille alimtukana kila asubuhi kama kawaida, kisha akasubiri, na kila asubuhi akapata “Vizuri” au “Mh.”

Ndipo Jovial akapiga simu ya video saa tano, akaona kochi tupu.

Blandine hakujua kusema uongo kwa haraka. Alielekeza simu kwenye muhuri.

“Mchangani?” alipiga kelele Jovial. “Mgonjwa wangu mumemurudisha kwenye samaki? Watu watasema nini? Nakuja Jumamosi. Namuleta Lubumbashi kwa profesa, atapata matibabu ya kweli, kinini za Ulaya. Mufungie begi!”

Kuanzia siku ile begi lilikaa karibu na lango, limefungwa, na Mama Consolate akalipita kila asubuhi na kila mchana. Hakusema neno. Lakini Ijumaa ilipofika, Bertille alimwona amesimama katikati ya ufuko, mikono mitupu, anatazama upande wa Moba, na midomo inacheza.

“Wakinipeleka kule,” alisema, bila kugeuka, “sitarudi, Bertille. Nitakaa kwenye kochi la ghorofani.”

Bertille alitafuta tusi. Hakulipata.

Jumamosi jua lilikuwa kali, mbingu zimefuliwa. Saa tatu ufuko wote ulikuwa umejaa ndakala. Mama Consolate alikuwa ameinama, akanyanyuka ghafla, akainua pua.

“Anueni!”

Wanawake ishirini walishtuka kama wameitwa na marehemu. Kisha wakaruka. Walizoa, wakapigana vikumbo, mabeseni, maturubai, na ndani ya dakika saba mchanga ulikuwa mtupu. Walisimama wanapumua, wametazama juu.

Jua liliwatazama nalo.

Walingoja. Dakika kumi. Ishirini. Kunguru mmoja alitembea polepole mbele yao, kama mkaguzi. Mbingu ilikuwa ya bluu tu. Mama Consolate alikuwa na uso wa mtu aliyevuliwa nguo sokoni.

“Si kitu, Mama,” alisema mmoja. “Ni ugonjwa.”

“Ni kinini,” alisema mwingine kwa upole. “Kaa kidogo, Mama. Pumzika.”

Neno lile lilimfanya Bertille ageuke kama aliyechomwa mwiba. Alikwenda penye mabeseni, akachukua ndoo, akaja nayo hadi kifuani kwa rafiki yake.

“Maji,” alisema.

“Bertille, mgonjwa huyu!”

“Mgonjwa wa nani? Ameita, haikuja. Sheria ni sheria. Ama huyu si mwenzetu tena, mumuletee kiti? Weye Consolate! Tangu asubuhi natandaza samaki zangu, unanitia turubai kwa ajili ya jua! Pua yako imekuwa ya mapambo, kama ya ng'ombe wa kule Pepa! Maji!”

Mama Consolate aliichukua ndoo. Shingo yake ilikuwa imeanza kuvimba. Alikwenda ziwani, akachota, akajitwika, akarudi, akamwaga kwenye beseni la Bertille kwa nguvu hadi yakamlowesha mpaka kiunoni.

“Koga kwanza,” alisema. “Miaka thelathini na mmoja hili nalinyamazia. Samaki wako hawakauki sababu ya jua. Wanakauka sababu ya kukutazama!”

Bertille alisimama, maji yanamtiririka. Kisha akapiga yowe la furaha ambalo lilifukuza kunguru wote hadi bandarini.

“Amerudi! Tukana tena! Tukana, mwizi wa nafasi za watu!”

Alitukana tena. Alitukana akienda ziwani na akirudi, alimtukana Bertille na ukoo wake, alimtukana Félicien na koti lake, alitukana makochi. Alikuwa kwenye ndoo ya tisa, amelowa, kilemba kimeanguka shingoni, ndipo Jovial alipotokea juu ya ufuko, na viatu vyeusi vilivyong'arishwa, Blandine nyuma yake na begi.

“Mama!” Alishuka akiteleza. “Nani amekubebesha maji?”

“Mimi mwenyewe. Nimeita mvua ya uongo.”

Jovial alitazama wanawake wote. Mkono wake ulikwenda mfukoni, kwa mazoea.

“Faini ni ngapi? Nalipa ya siku nzima. Ya mwaka.”

Walimcheka hadi wengine wakakaa chini.

“Hii haina kulipa, mwanangu,” alisema Bertille. “Umesahau? Weye mwenyewe umenyonya hapa.”

“Mama, ndege iko saa nane. Profesa anakungoja. Tazama ulivyo! Umelowa, unapiga kelele, watu wanapiga picha. Kule nyumbani ulikuwa umetulia.”

Mama Consolate alishusha ndoo. “Jovial. Nilikuwa mutulivu sababu sikuwa ndani. Ulikuwa unapigia simu nyumba tupu.” Alifuta uso kwa kiganja. “Sisemi umenikosea. Ulitaka nipumzike. Lakini niulize, japo mara moja: Mama, unataka kupumzika?”

Kwa mkubwa wa kampuni, lilikuwa swali rahisi. Jovial aliinua mkono, akamwonyesha saa.

Na hapo, mkono wake ukiwa bado hewani, mama yake akainua tena pua. Watu wote walimwona. Alisita. Ndoo tisa zilikuwa shingoni mwake, na mbingu ilikuwa ileile ya bluu. Alitazama maji upande wa Moba, akamtazama Bertille, akavuta pumzi.

“Anueni!”

Hakuna aliyesogea. Samaki walikuwa ndiyo kwanza wametandazwa upya. Wanawake walitazama juu, wakatazamana. Hata Bertille alikuwa amesimama, mguu mmoja mbele.

Aliyekimbia alikuwa Jovial. Hakuamua. Alikuwa amelelewa chini ya sauti ile, tangu hajajua kutembea vizuri, na miguu ilisikia kabla ya kichwa. Simu ilianguka mchangani. Aliinama kwa suti yake, akazoa ndakala waliokuwa karibu na viatu vyake kwa mikono miwili, akawatia kwenye beseni la karibu, akazoa tena, akapiga kelele: “Turubai! Blandine, turubai!” Blandine alilitupa begi. Ndipo wote wakafuata.

Mvua ilikuja kutoka nyuma ya kilima, mahali ambapo hakuna aliyekuwa akitazama, na ikaanguka kama mtu amepindua ziwa. Ilinyesha kwa saa nzima. Walikaa chini ya maturubai wamebanana, na Jovial alikuwa na magamba hadi kwenye tai. Ndege ya saa nane iliahirishwa, jambo ambalo hata lisingehitaji mvua.

Jua liliporudi, Bertille alifunua beseni la kwanza, akatazama, akaweka mikono kiunoni.

“Mheshimiwa! Hawa wakubwa wote ni wangu. Umewatia kwenye beseni la mama yako makusudi!”

“Mama Bertille, nimezoa waliokuwa karibu…”

“Wizi wa madini haujakutosha? Kaa chini. Tenganisha!”

Alikaa chini. Alitenganisha mpaka saa kumi na moja. Mama Consolate alimalizia ndoo zake. Ile mvua ya pili haikufuta uongo wa ile ya kwanza, na hakuomba ifutwe.

Sasa analala Hewa Bora na kufanya kazi mchangani. Blandine amevua makochi nailoni, na siku za jua kali anaanika mihogo juu ya zile meza za vioo. Profesa wa Lubumbashi bado anangoja. Kipande cha mwisho cha kinini Ruben alikikata mwezi wa tano, na bado hupita, kwa sababu ziko asubuhi ambapo uzito ule wa zamani, kama jiwe, unarudi kumkalia Mama Consolate kifuani, bila sababu na bila kubisha hodi. Jovial akipiga simu siku hizi anaanza na swali, na wakati mwingine jibu linamkera, lakini anauliza.

Na kila siku, saa kumi na mbili asubuhi, Bertille anapita kwenye lile lango la chuma akielekea ziwani. Anasimama, anatukana kwa sauti, mtaa mzima unasikia. Kisha anatega sikio. Tusi likirudi juu ya ukuta, anaendelea na safari, ananung'unika, akijua Consolate atamfuata. Lisiporudi, anasukuma lango, na anaingia.